Daftari la Karani na Magari ya Shehena

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Shimoni, na kuchapishwa hapa kwa idhini ya Halmashauri.)



Ni desturi ya chama chetu kwamba kila mwaka, hesabu zikisha kusomwa na kukubaliwa, mwanachama mmoja hutakiwa aeleze jambo analolijua, ili watu wasirudi makwao na tarakimu tupu vichwani. Miaka iliyopita tumesikia habari za utunzaji wa minazi, habari za afya ya watoto wachanga, na habari za madema na nyavu. Mwaka huu zamu imeniangukia mimi, nami si mvuvi, wala si mkulima, wala si tabibu; ni karani. Nilipomwuliza Bwana Mwenyekiti niseme nini, alicheka, akajibu, "Tueleze hayo magari yako ya moshi, maana watu wanauliza."

Ni kweli, watu wanauliza. Najua kwamba wako humu waliokwisha kusema ya kuwa karani wao ana kichaa kidogo. Wameniona mwisho wa mwezi nikipanda matatu alfajiri, mkoba begani, wakadhani nakwenda kutafuta kazi nyingine, au nakwenda kuposa. Kumbe napita Msambweni na Ukunda, napanda Kwale, nashika njia ya Kinango hata Samburu, nikakae chini ya mti kungoja gari la shehena lipite. Likipita naandika nambari ya injini yake, naipiga picha, nahesabu mabehewa, kisha narudi nyumbani bila samaki, bila kuni, bila chochote cha kutia chunguni. Basi leo nimesimama kujitetea, na kabla sijamaliza nitakiri kosa langu moja, ambalo si kosa la magari ya moshi bali ni kosa la karani wenu.

Kwanza napenda kuwakumbusha wazee wangu kwamba jambo hili nimejifunza hapa hapa Shimoni. Nilipokuwa mtoto, wazee walikaa jioni pale penye gati, wakitazama mkondo ulio kati yetu na kisiwa cha Wasini. Tanga lilipotokea mbali, sisi watoto tukiona kitu cheupe tu, wao walikwisha kusema, "Lile ni jahazi, si mashua, na lile ni la fulani, maana foromali yake imelala hivi." Walijua chombo kwa mlingoti wake na kwa namna ya kukata maji, na walijua nahodha kwa jinsi alivyogeuza tanga. Hakuna aliyewalipa kwa elimu hiyo, wala hakuna aliyewaita wavivu. Chombo kilipochelewa wakati wa kusi, wao ndio walioulizwa, kwa sababu macho yao yalikuwa daftari la mji.

Mimi sikuzaliwa katika zama za majahazi mengi. Nilipelekwa shule ya misheni, nikakaa bwenini miaka minne, na reli haikuwa mbali na shule. Usiku, taa zikisha kuzimwa, nilisikia gari la shehena likipanda kutoka pwani kwenda bara, na mngurumo wake ulichukua muda mrefu kupita. Nikaanza kuhesabu mabehewa kwa kusikiliza magurudumu yakigonga penye viungo vya reli. Nilikosea mara nyingi, lakini kesho yake mchana nilikwenda nikahesabu kwa macho. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Msidhani kuwa niko peke yangu. Huko Uingereza mchezo huu una historia. Mwaka 1942, wakati wa vita vikuu, kijana mmoja aitwaye Ian Allan alikuwa karani katika shirika la Southern Railway mjini London. Watu walimwandikia barua nyingi wakiuliza habari za injini, naye, kama karani yeyote aliyechoka kujibu swali lile lile mara mia, alitunga kijitabu chenye nambari za injini zote za shirika lake. Kijitabu kiliuzwa upesi, akatunga vingine, na baada ya vita watoto maelfu kwa maelfu walisimama penye stesheni, penseli mkononi, wakipiga mstari chini ya nambari ya kila injini waliyoiona. Nami hufurahi kila nikikumbuka kwamba jambo lile lilianzishwa na karani.

Baadaye wageni wa namna hiyo walikuja hata Afrika Mashariki, kwa sababu hapa kwetu palikuwa na injini ambazo hazikuwa na mfano duniani kote. Mwaka 1976 Kevin Patience alitoa kitabu kizima kuhusu injini za mvuke za Afrika Mashariki. Basi haikosi kutustaajabisha kwamba watu walipanda ndege kutoka mbali waje kutazama kitu ambacho sisi tulikipita kila siku bila kugeuza shingo.

Wengine mwasema, "Reli ni habari ya Mombasa na Nairobi, sisi watu wa kusini yatuhusu nini?" Yatuhusu. Tazameni ramani ya Kwale yetu. Samburu, Taru na Mackinnon Road zote zimo ndani ya Kwale, na reli zote mbili, ya zamani na mpya, zinapita huko. Tena jina hilo la Mackinnon si geni hapa Shimoni. Sir William Mackinnon ndiye aliyekuwa mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na kampuni hiyo ilikuwa na kituo chake hapa kwetu. Majengo yake ya mawe tunayapita tukienda pangoni. Kampuni ilipungukiwa na fedha, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi mikononi mwake. Mackinnon alikwisha kufa mwaka 1893, lakini jina lake lilibaki juu ya njia iliyofyekwa kwenda bara, na kutoka njia hiyo likaingia juu ya stesheni ya reli. Hivyo nikisimama Mackinnon Road kungoja gari la moshi, sijioni kuwa nimetoka kwetu.

Reli yenyewe ilianza Mombasa tarehe 30 Mei 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na Desemba mwaka 1901 ikafika penye ziwa, pale panapoitwa Kisumu sasa. Ilijengwa nyembamba, upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma, ili gharama iwe nafuu. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walikufa katika kazi ile. Neno letu la mataruma, yaani zile mbavu za chombo zinazoshikilia mbao, ndilo watu walilolitumia kwa vile vipande vinavyolazwa chini ya reli. Fundi wa chombo wa Wasini akitazama reli ataona chombo kilichopinduliwa juu chini.

Wembamba ule wa reli ndio uliozaa zile injini za ajabu. Toka baharini hata Nairobi ni mwendo wa maili 300 na zaidi, na nchi yote inapanda, kwa kuwa Nairobi iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,600. Mizigo iliongezeka kila mwaka, lakini reli nyembamba na pindo zake hazikuweza kubeba injini moja ndefu na nzito. Dawa ilipatikana kwa fundi wa Kiingereza, Herbert William Garratt, aliyeomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1907. Wazee wangu wanaikumbuka machela, jinsi wachukuzi walivyosimama mmoja mbele na mmoja nyuma, na mzigo katikati. Injini ya Garratt ni mfano huo huo. Birika kubwa la mvuke limelazwa katikati, na linachukuliwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake. Njia ikipinda, ya mbele hugeuka kwanza na ya nyuma hufuata, wala reli haionewi, kwa maana uzito umegawanywa juu ya magurudumu mengi.

Kubwa kupita zote zilikuwa za tabaka la 59. Ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester, zikaletwa mwaka 1955 na 1956, jumla yake 34. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna injini ya mvuke juu ya reli ya mita moja, popote duniani, iliyozishinda nguvu. Zilipakwa rangi nyekundu iliyoiva, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Nambari yake nayo ilisomeka kwa urahisi, kwa kuwa tarakimu mbili za kwanza ni tabaka, na mbili za mwisho ni zamu yake ndani ya tabaka. Hivyo nambari 5918 ni injini ya 18 ya tabaka la 59, na jina lake ni Mount Gelai, mlima ulioko Tanzania karibu na ziwa Natron.

Injini hizo zilipokwisha kazi, nyingi zilikatwa zikauzwa chuma. Mbili zimesalia katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: hiyo Mount Gelai, na nyingine nambari 5930, Mount Shengena, jina la mlima wa Upare. Nilikwenda kuziona kwa akiba yangu ya miezi minne. Nilizipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, hata mlinzi akaniuliza kama nataka kuzinunua.

Sasa nafika penye jambo lenyewe.

Alikuwapo mwanachama wetu mmoja, mzee wa kijiji cha jirani, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa sikuomba ruhusa ya jamaa zake. Mlimwona hapa miaka mingi, amekaa nyuma karibu na mlango, akilipa ada yake mapema kuliko wengine wote na asiseme neno. Siku moja alikuja ofisini kulipa, akakuta picha ya Mount Gelai mezani pangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu," lakini macho yake yalikuwa juu ya picha. Akaichukua, akaisogeza dirishani. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu maneno mazuri niliyoyatunga mwenyewe, ya kwamba jitu hili lilikula makaa milima na mabonde.

Mzee akasema, "Makaa? Nani kakwambia makaa? Hii ilikula mafuta, mwanangu. Mafuta mazito, meusi, hata yapashwe moto ndipo yatiririke."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Nilikuwa faiamani."

Wazee wangu, nilikuwa karani wa chama kwa miaka sita, na sikujua. Alikaa kwenye kiti changu, akanieleza saa nzima. Aliingia reli katika miaka ya 1960, kwanza kufuta mafuta na masizi katika banda la injini, kisha akapandishwa kuwa mchocheaji moto. Alinieleza kwamba kazi ya faiamani ilikuwa kutazama moshi. Moshi ukiwa mweusi mno, mafuta yanapotea bure na dreva atakulaani. Ukiwa mweupe, moto unakaribia kukushinda. Unaotakiwa ni ule mwepesi, wa rangi ya majivu, ambao mtu wa kando haoni kama ni moshi. Alinieleza jinsi gari lilivyoondoka Mombasa jioni na kupanda mpaka joto la pwani likaisha, na jinsi walivyokula ugali kwa zamu, mkono mmoja ukiwa penye valvu. Alikuwapo katika kazi ile shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na alikumbuka wenzake wa Tanzania na Uganda waliopeana mikono penye stesheni wasijue kama wataonana tena.

Alipokwisha, aliitazama tena picha yangu, akaniuliza, "Watu wako wapi?"

Nikasema, "Watu gani, mzee?"

Akasema, "Umepiga picha ya chungu, mpishi hayumo."

Tuliagana kwamba nitamwendea kwake mwezi ufuatao, nimpige picha yeye mwenyewe, na niandike majina ya wenzake wote anaowakumbuka. Mwezi ule ulikuwa wa kufunga hesabu. Mwezi wa pili mvua za masika zilikata njia. Mwezi wa tatu ikaja habari ya msiba. Chama kilitoa msaada wa mazishi kama kanuni zetu zinavyotaka, na mimi nikafungua daftari la marehemu, nikaandika jina lake, kijiji chake na tarehe. Katika safu ya kazi nikaandika neno moja, "Mstaafu."

Neno hilo limechapishwa katika taarifa ya chama ya mwaka ule, mkifungua mtaliona. Ninazo picha 212 za injini za magari ya shehena. Naweza kuwaambia nambari ya kila moja, siku niliyoiona na mabehewa iliyovuta. Ya mzee yule sina hata moja, na miaka yake yote ya kuwasha moto wa reli mimi, aliyenieleza kwa kinywa chake, nimeizika chini ya neno lile. Hilo ndilo kosa langu nililosema nitalikiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, na mali ikapotea vile vile.

Kuna habari nyingine moja, ambayo nayo ilinifundisha.

Mnajua kwamba reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435, ilifunguliwa kwa abiria tarehe 31 Mei 2017, na magari ya shehena yakaanza kazi yake mwanzoni mwa mwaka 2018. Injini zake za mizigo zimetoka China. Ni za dizeli, nazo huvuta makasha mengi kwa safari moja. Mwezi wa Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda bara ipelekwe kwa reli. Watu wa Mombasa waliandamana, kesi ikafunguliwa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa amri ile haikufuata Katiba. Mwaka 2022 serikali mpya ikatangaza kuirudisha shughuli ya kutoa mizigo bandarini. Lakini kati ya amri na hukumu, watu walikwisha kupoteza kazi.

Mmoja wao ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekuwa utingo wa lori. Alirudi nyumbani na mfuko wa nguo. Siku moja aliniona nikizipanga picha zangu, akasema kwa uchungu, "Wewe unaipenda ile ile iliyoninyang'anya mkate." Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Twende wote, ukaitazame." Hakutaka, mwisho alikuja.

Tulikaa chini ya mti wetu kule Samburu, mbali na ua wa reli. Gari lilipotokea, mimi nilishughulika na kamera, yeye akahesabu makasha kwa sauti. Gari kamili huchukua makasha 108 ya futi 20. Lilipokwisha kupita alinyamaza, kisha akasema, "Lori moja hubeba mawili. Basi hayo ni malori 54. Na kila lori lina dreva na utingo. Umepiga picha ya watu 108, na hakuna hata mmoja anayeonekana."

Mtaona kwamba mzee wa mafuta na kijana wa lori, ambao hawakupata kuonana, walinikemea kwa neno lile lile. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mpya. Baada ya nambari ya injini na hesabu ya mabehewa, naandika watu: dreva akinipungia mkono naandika, mama muuza chai penye makutano ya njia namwandika kwa ruhusa yake, na mlinzi wa reli vile vile. Wala sisemi kwamba reli ni adui. Malori 54 yakipungua barabarani, ajali hupungua na lami hudumu, na hilo nalo ni faida kwa watoto wetu. Nasema tu kwamba hesabu isiyo na watu ndani yake ni hesabu nusu, na karani yapasa aijue nusu ya pili. Binamu yangu amepata kazi ya muda ya kushusha mizigo, na Jumamosi moja moja hunifuata. Amekuwa hodari wa kutambua injini kunishinda. Husema huitambua kwa mlio kabla haijaonekana.

Kwa vijana wanaotaka kuushika mchezo huu, nina maonyo machache. Usisimame juu ya reli, wala usivuke ua wake, hata kama picha itakuwa nzuri mara kumi. Gari la shehena lililopakia haliwezi kusimama upesi. Dreva akikuona ameshachelewa, naye atabeba mzigo wa kifo chako maisha yake yote. Weka jua nyuma yako, ukae mahali penye pindo, ili uone injini na mkia kwa pamoja. Andika hapo hapo, usingoje kufika nyumbani, kwa maana kumbukumbu ni kama maji kiganjani. Tena, ukifika mahali pageni, anza kwa salamu. Mimi nilipata kushikwa na askari mmoja kwa saa mbili, akiniuliza nani amenituma. Kosa lilikuwa langu; nilitoa kamera kabla ya kutoa hodi. Tangu hapo natafuta kwanza mzee wa mtaa, nanena shida yangu, ndipo natafuta kivuli.

Bwana Mwenyekiti, sikuja kuomba fedha za mchezo wangu. Nauli yangu nailipa mwenyewe. Lakini naomba mkutano huu ufikirie mambo matatu.

La kwanza, safu ya kazi katika daftari letu la wanachama ipanuliwe. Badala ya neno moja, tuandike alifanya kazi gani, wapi, na tangu mwaka gani hata mwaka gani. Nimekwisha kuchora mistari ya daftari jipya. Liko mezani kwa Katibu.

La pili, kila mwanachama aliyevuka miaka 60, mume kwa mke, akubali kukaa nami nusu saa na kupigwa picha moja, akipenda. Sitafuti watu wa reli peke yao. Humu ndani wamo waliofanya kazi bandarini Kilindini, wamo waliokata miwa na kupika sukari katika kiwanda cha Ramisi hata kikafungwa mwaka 1988, wamo mabaharia, na wamo akina mama waliosuka makuti na kuwasomesha watoto kwa makuti. Nakala moja itakuwa ya jamaa, moja ya chama. Asiyetaka picha aandikwe maneno yake tu. Asiyetaka hata maneno, asilazimishwe.

La tatu, taarifa ya mwaka iwe na ukurasa mmoja wa marehemu, na kila mmoja apate mistari yake mitatu au minne. Nimeuliza bei kwa mpiga chapa. Gharama ya ukurasa huo haifiki thamani ya soda tulizokunywa leo.

Na kwa idhini yenu, ningependa ukurasa wa kwanza uwe wa kusahihisha. Naomba neno "Mstaafu" nililoliandika mwaka ule lifutwe, na mahali pake paandikwe, "Faiamani wa injini za tabaka la 59, kati ya Mombasa na Nairobi." Mwanawe yuko hapa jioni hii, nami nimekwisha kumwomba radhi faraghani, sasa namwomba mbele yenu.

Wazee wangu, kazi ya kutambua chombo kwa mbali mlitufundisha ninyi. Chombo kikipita sasa chaweza kuwa cha chuma, na bahari yake yaweza kuwa nyika ya Taru, lakini desturi ni ile ile: mtu atazame, atambue, na akumbuke ni nani waliomo ndani. Mwezi ujao, siku ya Jumamosi ya kwanza, nitakuwa ofisini tangu asubuhi na kamera yangu. Viti vitakuwapo kivulini. Atakayekuja mapema ataandikwa mapema.